Shati la Mkubwa

Siku hizi shati la mtoto hutoka dukani likiwa limekwisha kuwa shati. Linakuja limebanwa pini, lina karatasi ngumu ndani ya kola, na mtoto analivaa siku hiyo hiyo bila kujua nani alilikata wala nani alilishona. Jambo hilo limenishinda kulizoea. Sisemi kwamba zamani mambo yalikuwa mazuri. Zamani tulikuwa na chawa. Lakini kila shati nililovaa utotoni nililijua tangu lilipokuwa kitambaa tu, na mikono iliyolishona naikumbuka mpaka kucha zake.

Kwetu ni kijijini, upande wa njia ya kutoka Tabora kwenda Urambo, ndani kidogo ya misitu ya miyombo. Baba alikuwa mrina asali. Babu yangu, mzaa baba, alikwenda pwani enzi za misafara akiwa mpagazi, akarudi na mzigo wa merikani, na kwa nguo ile akaoa. Wakati wake nguo ndiyo iliyokuwa fedha ya njia nzima. Mimi nilizaliwa chini ya Waingereza, wakati merikani ilikuwa imekwisha kushuka cheo na kuwa kitambaa cha watoto na cha watu wasio na kitu, lakini nyumbani kwetu bado watu hawakuichezea. Ukikanyaga nguo ya mtu kwa bahati mbaya ulimwomba radhi mwenyewe, kana kwamba umemkanyaga mguu.

Mashati yetu ya kwanza mama aliyashona kwa mkono. Merikani mpya ilikuwa ngumu na ilinuka pumba. Iliwekwa ndani ya maji usiku kucha, ikapigwa juu ya jiwe, ikaanikwa, na ilipokauka ilikuwa imepungua. Mwanamke mvivu alishona kwanza akafua baadaye, na wiki hiyo hiyo kijiji kizima kiliona kitovu cha mwanawe. Mama alikunja kitambaa katikati, akakata mahali pa kichwa, akashona mbavu na kuacha nafasi ya mikono. Hapakuwa na kola wala kifungo. Shati lilifika magotini, na chini yake hapakuwa na kitu kingine, kwa sababu kaptula ilikuwa mambo ya wanaosoma. Upepo wa kiangazi ukivuma ulilishika shati kwa mikono miwili, na wasichana wakikuona hukupona.

Shati hilo lilikuwa na kazi nyingi kuliko kuvaliwa. Tulilikunja mbele likawa kapu la furu, matunda meusi ambayo doa lake halitoki hata umfue mtoto pamoja na nguo. Tulilifungia mbuzi mkorofi. Tulilifutia jasho, pua, na mara nyingine machozi. Chini lilikuwa na pindo pana, na kila mwaka mama alilifumua kidogo ili shati likue pamoja na mtu. Mgongo ukichakaa, kitambaa kilikatwa mbele kikapelekwa nyuma. Mbele kukichakaa, ulitafutwa mdogo wako. Shati halikutupwa. Liliisha lenyewe, polepole, likiwa kwa mtu wa tatu au wa nne.

Sasa niseme jambo langu. Mimi nilizaliwa wa pili. Watu wa kwetu wakisikia hivyo jina langu wamekwisha kulijua, na la mwenzangu pia, kwa sababu mapacha wote wa Unyamwezi na Usukuma hugawana majina yale yale mawili. Kwa hiyo sina haja ya kuyataja. Mwenzangu, yule mkubwa, surua ilimchukua kabla hajajua kutembea. Simkumbuki. Lakini nilikua naye, na wala sisemi kwa mafumbo.

Mapacha kwetu wana sheria zao. Anachopewa mmoja apewe na mwenziwe. Ukimletea mmoja ndizi na mwingine hukumletea, umeanzisha ugomvi na vitu usivyoviona. Padre alihubiri dhidi ya hayo, na mama, ambaye hakukosa Misa hata kwa mvua ya mawe, alimsikiliza kwa adabu zote na kurudi nyumbani kufanya vile vile. Kila niliposhonewa shati, aliweka pembeni kipande cha kitambaa kile kile, ukubwa wa kiganja, akakikunja na kukitia ndani ya kikapu kidogo chenye mfuniko kilichokaa juu ya dari. Hicho kilikuwa cha mkubwa wangu. Hakusema kamwe kwamba amekufa. Alisema, "Hayupo." Mwaka mmoja alikisahau kipande, na mwaka huo nikashikwa na homa mpaka wakaanza kunong'ona mlangoni. Tangu hapo hakusahau tena.

Nilimwonea wivu, sitaficha. Mimi mwenye kuvuta pumzi nilikuwa na shati moja lenye viraka juu ya viraka. Yeye asiyekuwepo alikuwa na kikapu cha vitambaa vipya ambavyo havijaonja jasho. Nikitumwa maji nilikwenda peke yangu. Nikichapwa nilichapwa peke yangu. Kugawana ndiko kulikokuwa kwa watu wawili.

Nilipomaliza shule ya kijijini nilichaguliwa kwenda shule ya bweni ya misheni, upande wa kaskazini, njia ya Nzega. Mwalimu wetu alitangaza kanisani baada ya Misa kwamba kila kijana aje na mashati mawili meupe ya kola, moja la kuvaa na moja likiwa kambani, na asiye nayo asijisumbue kupanda lori. Haikuwa kitisho cha bure. Mwaka uliotangulia kijana wa kijiji jirani alirudishwa kwa sababu hiyo hiyo. Nilimwona baadaye Urambo, akichuma tumbaku kwenye shamba la mtu, vidole vimekuwa vyeusi kwa utomvu. Aliniuliza kama ni kweli kwamba shuleni wanafundisha ramani ya dunia nzima. Nikasema sijui. Niliitaka shule ile kuliko kitu chochote nilichopata kukitaka.

Baba akauza nta yake yote, na mama akanichukua hadi Tabora mjini. Katika duka la Mhindi tulikatiwa kitambaa cheupe laini, poplini, cha kutosha mashati mawili yenye nafasi ya kukua. Barazani pa duka palikaa fundi na cherehani yake. Yule wa zamani, mzee wa Kimanyema aliyetushonea miaka yote na kumpa mama kipande chake bila kuuliza cha nini, alikuwa amerudi kwao Ujiji. Mahali pake tulimkuta kijana, mtu wa kwetu kabisa, Mnyamwezi wa upande wa Nzega, futi shingoni na penseli sikioni. Mwanamke mmoja aliyekuwa akipita alimsalimu mama kwa jina lake la mjini na kijijini, "Mama Mapacha, hujambo?" na fundi akalidaka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Nataka mashati mawili ya shule, ya kola."

"Nimesikia wanakuita Mama Mapacha. Huyu ni mmojawapo?"

"Ndiye wa pili."

"Na mkubwa wake? Mbona hukuja naye nimpime?"

"Hayupo."

"Lakini wanalingana?"

Mama alisita kidogo. "Mapacha hawapitani," akasema.

Fundi akacheka, akanigeuza, akanipima mabega, mkono, shingo. Nilikuwa nimesimama pale pale, nilisikia kila neno, na sikuona kosa lolote, kwa sababu mama siku zote alisema hivyo. Fundi wa kabila jingine angeshona mashati mawili ya mtoto mmoja na kuendelea na kazi zake. Huyu alikuwa anazijua mila. Ndicho kilichotuponza.

Tuliporudi kuyachukua, yalikuwa yamepigwa pasi ya mkaa na kukunjwa, meupe mpaka nikaogopa kuyashika. Yalikuwa na kola, mfuko kifuani, na vifungo vya kung'aa vilivyoshonwa kwa uzi uliopakwa nta usikatike. Sijawahi kuona kitu kizuri namna ile kikiwa changu. Fundi aliyatandaza juu ya meza ya cherehani, akajisifu kama mafundi wote wanavyojisifu.

"Tazama, mama. Nimekata sawa kwa sawa, hakuna aliyepunjwa. Ila nimetia alama wasije wakagombana. Hili lenye uzi mwekundu ndani ya kola ni la mkubwa. Hili lisilo na alama ni la huyu."

Mama alilichukua lile lenye uzi mwekundu, akaligeuza kola, akautazama uzi. Kisha, kwa mazoea tu nadhani, akasema, "Nipe na kipande."

"Kipande cha nini tena, mama, na kila mtu amepata lake?"

Angeweza kumwambia. Neno moja tu, na fundi angeomba radhi, na sote tungekwenda zetu. Badala yake alisema, "Ahsante, baba, Mungu akubariki," akayafunga mashati ndani ya kanga, kila moja upande wake. Njiani nilimwona akikiinua kile kifurushi mara kwa mara na kukigusisha shavuni.

Nyumbani alinipa langu. La pili alilikunja na kutaka kulitia ndani ya kikapu cha darini. Halikuenea. Akaleta sanduku la bati alilowekea vitenge vyake, akavitoa vyote, akaliweka humo peke yake.

"Unafanya nini?" baba akauliza. "Shule imetaka mawili. Hayo ni mawili."

"Moja ni la mwenziwe."

"Nani kasema?"

"Fundi."

"Fundi hajui kitu!"

"Ndiyo maana," mama akasema. "Angejua asingesema. Miaka yote ni mimi ninayesema, na watu wananiona nina kichaa kidogo. Leo mtu asiyenijua ametamka kwa mdomo wake, hili la mkubwa, hili la mdogo. Nimpokonye vipi?"

Baba alikuwa mtu mpole. Nyuki hawapendi wakali. Alifikiri, kisha akasema atachukua mwiba aufumue huo uzi mwekundu, yaishe.

"Fumua," mama akamwambia. "Na neno je, utalifumua?"

Baba akatoka nje. Siku zilizofuata alizunguka kutafuta shati la kuazima. Alipata moja la mtoto wa katekista, lililonibana mpaka kwapani, tukalirudisha. Nta haikuwepo tena, na mizinga ilikuwa mitupu mpaka msimu mwingine. Siku ya lori ilikuwa inakuja, nami nilikuwa na shati moja. Kila nilipofumba macho niliviona vile vidole vyeusi vya Urambo.

Asubuhi moja mama alikuwa akichambua mlenda, nikashindwa kujizuia. Nilisimama mbele yake nikapiga kelele, "Amekufa! Mwenzangu amekufa! Yeye hasomi! Mimi ndiye ninayesoma!"

Nilijikunyata nikingoja kofi. Halikuja. Mikono yake ilisimama juu ya ungo, kisha ikaendelea na kazi.

"Niliwazaa wawili," akasema, "na nikalea wawili. Wewe unadhani kulea ni kumpa mtu uji tu." Halafu, kwa sauti ile ile, akanituma nikatazame mbuzi. Nilikwenda nikalia huko porini, kwa hasira zaidi kuliko kwa huzuni.

Siku ya safari ilifika na mvua nyembamba. Baba angenifikisha Tabora kwenye lori. Mama angetusindikiza hadi kwenye kijito. Nilikuwa na blanketi, kaptula, sahani ya bati na shati langu moja. Baba alisema atazungumza na wakuu wa shule, labda watatuhurumia, na alisema bila kunitazama. Tulipofika kijitoni maji yalikuwa yamepanda hadi magotini. Baba akatangulia na mzigo. Hapo ndipo mama akafungua kanga aliyokuwa amejitanda, na ndani yake lilikuwamo shati.

"Sikupi," akaniambia. "Usije ukadhani nimekupa. Ni lake. Nimekataa kumweka ndani ya sanduku mtoto mzima mwenye shati la shule. Anakwenda na wewe. Siku ukivaa la kwako, wewe ndiye unayesoma. Siku ukivaa hili, anasoma yeye, na wewe umekwenda kumsindikiza tu. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

"Na siku yake usigombane na mtu. Hakuwahi kugombana na mtu yeyote."

Nililipokea kwa mikono miwili. Nilifurahi kwa ajili ya shule, basi. Hayo mengine niliyaona maneno ya mama wa kijijini. Nikavuka maji nikiwa nimeyainua mashati yote mawili juu ya kichwa.

Shuleni hakuna aliyenirudisha. Nilivaa mashati yangu kwa zamu, moja mwilini na moja kambani, kama kila mtu. Lakini jambo moja lilinisumbua. Asubuhi za uzi mwekundu nilijikuta nakumbuka lile agizo. Mtu akinipiga kikumbo nilimwacha apite. Darasani nilikaa wima, nikasikiliza hata somo la hesabu ambalo mimi mwenyewe nililichukia, maana ingekuwa aibu kumpeleka mtu darasani halafu asisikie kitu. Jirani yangu wa kitanda, kijana wa Igunga mwenye mdomo mrefu, alinichokoa mpaka nikamweleza. Nilidhani atanicheka. Tangu siku hiyo kila asubuhi aliniuliza kwa makini kabisa, "Leo umeamka nani?" Nikimwambia ni mkubwa, aliniazima kalamu yake. Nikimwambia ni mdogo, aliificha.

Ramani ya dunia tulifundishwa siku ya mkubwa. Nakumbuka kwa sababu nilisikitika kidogo, nikataka kubadilisha zamu, kisha nikaona si haki.

Likizo ilipofika nilitembea kutoka Tabora peke yangu. Mashati yalikuwa yote mawili safi. Usiku wa kuamkia safari nilikuwa nimeyafua na kuyapaka uji wa muhogo, nikayapiga pasi ya kuazima. Kwa zamu ilikuwa siku yangu. Nilishika langu, nikaliweka chini, nikavaa lile jingine. Nikiulizwa leo kwa nini, nasema nilimpenda mama yangu na sikuwa na zawadi nyingine ya kumpelekea. Njiani nilijisemea kwamba labda hata hataona.

Nilimkuta uani anatwanga. Aliniona kwa mbali, akaweka mchi chini, akaja mbio huku akijifuta unga mikononi. Hakunikumbatia. Alinishika mabega, akanigeuza, akafunua kola kwa kidole kimoja, akatazama.

Kisha akaniita jina la mzaliwa wa kwanza. Lile jina sikuwahi kulisikia likitoka kinywani mwake. Alilitamka taratibu.

Ningeweza kumwambia, mama, ni mimi.

"Naam, mama," nikaitika. "Shikamoo."

"Marahaba, baba. Umekua." Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. Aliniweka sawa kola, akanipangusa vumbi la njia begani, akanitazama tena kwa muda, kama mtu anayetazama mgeni aliyechelewa sana. "Na mdogo wako? Hajambo huko?"

"Hajambo, mama," nikasema. "Anakusalimu sana."